Kwa nini tunaogopa kumwambia daktari: historia ya homoni na ya siri, kutoka Yakusu mpaka Bristol

Siku chache zilizopita mtu mmoja wa huku kwetu Bengamisa alinisubiri mpaka wengine wote waondoke barazani, kisha akaniuliza swali. Alitaka kujua kama mtu anaweza kumwendea daktari na kumwomba homoni, zile dawa ambazo huufanya mwili wa mwanamume uelekee kuwa wa mwanamke, au wa mwanamke uelekee kuwa wa mwanamume. Nilipokuwa nafikiri, akaongeza swali la pili, na hilo ndilo lilikuwa zito: "Nikimwambia, maneno yangu yatabaki kwake?"

Sitaandika jina lake, wala umri, wala kama alizaliwa mvulana au msichana. Lugha yetu inanisaidia hapo: "yeye" ni neno moja kwa mume na kwa mke. Lakini fishi ya hospitali haina "yeye". Ina nafasi ya kuandika M au F, na mwuguzi huiuliza kwa sauti, mbele ya watu wote walioketi kwenye benchi.

Mimi si mganga. Kazi yangu ni kuandika habari za barabara ya Banalia, bei ya mpunga, mvua na shule. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nilikwenda kusoma. Nilichokiona ni kwamba woga wake si wake peke yake. Una mizizi miwili. Mmoja umetoka katika udongo wetu wenyewe wa Tshopo, na mwingine umetoka mbali, kwa watu waliouliza swali hilohilo miaka mingi kabla yake.

Mzizi wa kwanza: daktari aliyetutafuta

Babu zetu hawakumjua daktari kama mtu unayemwendea ukiwa na haja. Walimjua kama mtu anayekuja kijijini kukutafuta.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, malale, ule ugonjwa wa usingizi, uliua watu wengi sana kando ya mito yetu. Mwaka 1903 wataalamu wa shule ya tiba ya Liverpool, Uingereza, walifika katika Kongo ya mfalme Leopold II ili kuuchunguza. Mmoja wao, Joseph Dutton, alifia Kasongo mwaka 1905. Walifundisha kwamba njia rahisi ya kumtambua mgonjwa ni kumpapasa shingo ili kutafuta uvimbe wa tezi. Basi watu wa vijiji wakapangwa mstari, wakapapaswa shingo mmoja baada ya mwingine. Aliyeonekana na uvimbe aliweza kupelekwa lazareti, mahali pa kutengwa, kama ile ya Ibembo kwenye mto Itimbiri. Familia nyingi ziliona ndugu zao wakiondoka na hawakuwaona wakirudi. Baadaye ikaja karatasi ya afya: bila hiyo, mtu hakuruhusiwa kusafiri kutoka eneo moja kwenda jingine.

Karibu nasi zaidi kuna Yakusu, kwenye mto, chini ya Kisangani. Misheni ya Kibatisti ya Waingereza ilianza pale miaka ya 1890, na mwaka 1920 akafika daktari Clement Chesterman. Alijenga hospitali na kufundisha vijana wa Kongo kazi ya uuguzi, na watu wengi walipona mikononi mwao. Hilo ni lazima lisemwe. Lakini dawa kuu ya malale ya wakati ule iliitwa triparsamidi, nayo ilikuwa na sumu. Iliponya wengi, na iliwapofusha baadhi. Kujua kama ugonjwa umefika kichwani, sindano ilipigwa mgongoni ili kutoa maji ya uti. Mtu aliyechomwa sindano ya mgongo bila kuelezwa sababu hasahau, na watoto wake hawasahau.

Halafu kuna Camp Lindi. Kati ya mwaka 1956 na 1958, kando ya mto Lindi karibu na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, palifungwa sokwe wengi kwa ajili ya majaribio ya chanjo ya polio ya mtafiti Hilary Koprowski, akishirikiana na daktari Ghislain Courtois wa maabara ya Stanleyville. Miaka mingi baadaye kulitokea maneno kwamba ukimwi ulianzia pale. Wanasayansi walipima virusi vya sokwe wa misitu yetu ya Kisangani, na mwaka 2004 walitangaza kwamba havifanani na vile vilivyozaa ukimwi wa binadamu. Maneno yale hayakuwa kweli. Lakini yalipata masikio kwa sababu yalikuta watu ambao tayari walizoea kupimwa bila kuulizwa.

Nimetaja hayo yote kwa sababu moja. Katika historia hiyo, daktari ndiye anayeuliza na mwili ndio unaojibu. Mtu anayeingia leo na kusema, "Daktari, mimi ndiye nina jambo la kuomba juu ya mwili wangu," anaugeuza utaratibu wa miaka mia moja. Si ajabu miguu yake ikitetemeka.

Homoni si ngeni kama tunavyodhani

Neno homoni lenyewe si la zamani sana. Lilisemwa mara ya kwanza London mwaka 1905 na mwalimu wa tiba Ernest Starling, mwaka uleule ambao Dutton alifariki Kasongo. Homoni ni kama mjumbe: inatengenezwa na tezi moja ya mwili, inasafiri ndani ya damu, inafikisha amri mahali pengine. Mwaka 1929 wataalamu wa Ujerumani na Marekani, kila mmoja kivyake, waliweza kuitenga moja ya homoni za kike. Mwaka 1935 testosteroni, homoni kuu ya kiume, ilitengwa, na mwaka huohuo ikaweza kutengenezwa maabara.

Msomaji atasema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini tuangalie vizuri. Mama anayejifungua akitokwa damu nyingi, huchomwa oksitosini: hiyo ni homoni. Mama anayepanga uzazi kwa sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi anatumia homoni. Mgonjwa wa sukari anayejichoma insulini anatumia homoni. Dawa za aina hiyo zimo katika vituo vyetu vya afya, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo kinachoshangaza katika swali la mgeni wangu si dawa. Ni mtu anayeiomba, na sababu yake ya kuiomba.

Kuhusu kazi yake: mtu aliyezaliwa na mwili wa kike akitumia testosteroni, baada ya miezi sauti huanza kuwa nzito, ndevu huota, hedhi husimama. Mwenye mwili wa kiume akitumia estrojeni, ngozi hulainika, matiti huota, nguvu za misuli hupungua. Mengine hurudi nyuma dawa ikiachwa. Mengine, kama sauti nzito na matiti, hayarudi. Uwezo wa kuzaa unaweza kupotea. Estrojeni inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na testosteroni inaweza kuzidisha chembe nyekundu mpaka damu ikawa nzito. Ndiyo maana inatakiwa daktari apime damu kabla na baada, na ajue dawa nyingine ambazo mtu anakunywa.

Mzizi wa pili: mtu wa Bristol

Sasa nifike kwa mtu ambaye habari yake ilinikalia moyoni kuliko zote. Jina lake Michael Dillon. Alizaliwa London mwaka 1915 katika ukoo wa kitajiri wenye asili ya Ireland, akalelewa kama msichana, akasoma Oxford. Tangu ujana alijijua kuwa mwanamume, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka 1939 alikuwa akifanya kazi katika maabara karibu na mji wa Bristol. Akasikia kwamba daktari mmoja wa pale, George Foss, anajaribu testosteroni kwa wanawake wanaotokwa na damu nyingi ya hedhi. Akajipa moyo, akaenda, akasema. Ninavyojua mimi, ni katika watu wa kwanza kabisa duniani waliomwomba daktari testosteroni kwa sababu hiyo.

Foss hakumfukuza. Lakini alitaka kwanza Dillon aonane na daktari wa akili. Akaenda. Na yule daktari wa akili hakuweza kuufunga mdomo wake. Alisimulia kama kichekesho mbele ya watu, na maneno yakatembea mpaka yakafika kwenye maabara ambako Dillon alikuwa akipata mkate wake. Akawa wa kuchekwa. Akaacha kazi.

Mtu aliyesoma Oxford akaenda kufanya kazi gereji, kuvuta magari yaliyoharibika na kuweka mafuta. Vita ilipofika na mabomu ya Wajerumani yakawa yanaanguka Bristol, alikaa macho usiku kulinda majengo yasiungue. Lakini vidonge alikuwa navyo, na mwili ukabadilika. Sauti ikawa nzito, ndevu zikaota. Baadaye alipata upasuaji. Mwaka 1944 cheti chake cha kuzaliwa kikasahihishwa. Mwaka 1946 alitoa kitabu juu ya homoni na maadili, akieleza kwamba ikiwa roho ya mtu haiwezi kugeuzwa ifuate mwili, basi ni haki kuusaidia mwili ufuate roho. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akasomea udaktari Dublin, na mwaka 1951 akawa daktari yeye mwenyewe, akatibu mabaharia melini.

Siri yake ilitoka mara ya pili mwaka 1958. Vitabu viwili vya koo za Uingereza viliandika habari zake kwa namna mbili tofauti, magazeti yakanusa, yakamtangaza dunia nzima. Alikimbilia India, akawa mtawa wa Kibudha, akafa huko mwaka 1962 akiwa na miaka 47.

Ukiyapima maisha ya Dillon utaona kwamba dawa haikumvunja. Upasuaji haukumvunja. Mara mbili alivunjwa na mdomo wa mtu mwingine, na mara ya kwanza ulikuwa mdomo wa daktari. Swali aliloniuliza mgeni wangu hapa Bengamisa ndilo hilo.

Watu 465 walioandika barua

Kisa cha pili kinaonyesha ukubwa wa woga huo. Kijana wa New York aliyewahi kuwa askari wa Marekani, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Christine Jorgensen, aliogopa hivyohivyo. Mwanzoni alijinunulia vidonge vya estrojeni farmasi na kuvinywa bila daktari wake kujua. Mwaka 1950 alisafiri mpaka Denmark, akamkuta daktari wa homoni Christian Hamburger aliyekubali kumsikiliza na kumtibu. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti moja la New York likaichapa habari yake ukurasa wa kwanza, na ikazunguka ulimwengu.

Baada ya hapo daktari Hamburger akaanza kupokea barua kutoka nchi nyingi. Mwaka 1953 alichapisha maelezo juu ya barua za watu 465 waliotamani kubadilishwa jinsia. Hebu tufikiri: watu 465 waliona ni rahisi kumwandikia mgeni asiyewajua, ng'ambo ya bahari, kuliko kumwambia daktari wa mtaa wao. Kwa daktari wa mbali, barua haikai kwenye benchi na jirani.

Mambo yalienda polepole. Mwaka 1966 Harry Benjamin, daktari wa New York, alitoa kitabu kizima kuwaeleza madaktari wenzake jinsi ya kuwapokea watu hawa. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, ambalo Kongo yetu ni mwanachama wake, lilipitisha orodha mpya ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Katika orodha hiyo, hali ya mtu ambaye jinsia anayoijua moyoni haipatani na mwili aliozaliwa nao haimo tena katika sura ya magonjwa ya akili. Imewekwa katika sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia. Kwa hiyo anayemwita mtu kama huyu kichaa hasemi tena kwa jina la tiba.

Karibu yetu: Nairobi

Wengine watasema hayo hayajafika Afrika. Yamefika. Audrey Mbugua ni Mkenya aliyezaliwa na kusajiliwa kama mvulana, na amesema hadharani habari zake mwenyewe. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya Mathari, Nairobi, walithibitisha hali yake, na akawa chini ya matibabu. Lakini mwili ulipobadilika, karatasi zilibaki vilevile. Cheti chake cha shule ya sekondari kilikuwa na jina la kiume, na kila alipoomba kazi alionekana kama mtu aliyeiba cheti cha mwingine. Akaishtaki kamati ya mitihani ya taifa. Tarehe 7 Oktoba 2014 jaji Weldon Korir aliamuru wampe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia, katika siku 45.

Hiyo ni Kenya. Sisi tuna sheria zetu. Lakini nimeitaja ili mgeni wangu ajue kwamba mtu anayezungumza Kiswahili kama yeye amekwisha kukaa kwenye kiti hicho mbele ya daktari, akasema, na akasikilizwa.

Sheria yetu inasema nini juu ya siri

Hapa nimetafuta kwa makini, maana ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kifungu cha 73 cha sheria yetu ya adhabu kinamkataza mtu yeyote anayepokea siri kwa sababu ya kazi yake kuitoa, isipokuwa anapoitwa kutoa ushahidi mbele ya haki au pale sheria inapomlazimisha. Adhabu ni kifungo cha mwezi mmoja mpaka sita, au faini, au vyote viwili. Kanuni za maadili ya madaktari wa Kongo, zilizowekwa kwa amri ya tarehe 30 Aprili 1970, nazo zinamfunga daktari kwa siri ya mgonjwa.

Sheria ni nzuri, lakini tuseme ukweli wa kijijini. Kituo cha afya kinaongozwa na mwuguzi, na mwuguzi ni shemeji ya mtu. Ukuta ni mbao. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. Anayesubiri nje anasikia nusu ya maneno na nusu nyingine anaijaza mwenyewe. Jioni habari imepanda toleka, baiskeli zetu za abiria, na imefika soko kabla yako. Nimeona hilo kwa mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa, nimeona kwa wenye virusi vya ukimwi walioacha dawa kwa sababu walionekana wakizichukua. Kwa hiyo jambo hili si la watu wachache wenye kutaka kubadili jinsia tu. Ni la kila mtu aliye na jambo ambalo hataki lisemwe sokoni.

Jibu nililompa

Nilimtafuta yule mtu, tukakaa, nikamwambia haya.

Usinunue homoni wewe mwenyewe, si farmasi ya barabarani, si kwa rafiki, na usinywe vidonge vya uzazi vya dada yako kwa kukisia. Najua ndiyo njia isiyohitaji kusema, hata Jorgensen aliipita. Lakini damu ikiganda mguuni au kifuani, utalazimika kusema ukiwa huwezi tena kupumua vizuri.

Usianzie mahali ambapo kila mtu anakujua. Tafuta daktari, si msaidizi wa mlangoni. Kisangani kuna hospitali kubwa na kuna madaktari waliosoma. Omba mlango ufungwe. Kabla ya kusema jambo lenyewe, uliza kwanza: "Daktari, nitakachosema kitabaki humu ndani?" Namna atakavyokujibu swali hilo itakuonyesha kama uendelee au uombe dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Hiyo si aibu. Unaweza kurudi siku nyingine kwa mwingine.

Sikumwahidi kwamba atapewa dawa. Huenda daktari akasema hajui kazi hiyo, huenda akakataa. Lakini daktari asiyejua na aliyenyamaza ni bora kuliko anayejua na kusimulia. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini wazee hawakusema uvuliwe nguo katikati ya soko.

Kwa wauguzi na madaktari wa zone yetu nina neno moja. Yule daktari wa akili wa Bristol pengine alisahau maneno yake kesho yake. Aliyesemwa aliyabeba miaka ishirini na zaidi, mpaka India. Ukisikia jambo ambalo hujawahi kulisikia, una haki ya kushangaa moyoni. Mdomo una sheria yake.

Mgeni wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza nauli ya pikipiki kwenda Kisangani imefika ngapi siku hizi. Nikamwambia. Akahesabu kidogo kwa vidole, akaaga, akaenda.